Harufu Niliyoiomba Mwenyewe

Ninalokueleza hapa sikuliota wala sikusimuliwa. Limenifika mimi, mchana kweupe, katika nyumba ya ghorofa ya nne Michenzani, pale watu wanapopanda na kushuka kila siku na madumu yao ya maji na vikapu vyao vya sokoni. Ukitaka, usiamini. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Mtu akinijia na habari za majini namwuliza kwanza alikula nini usiku. Siku hizi siulizi tena, nasikiliza mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya maneno. Usicheke, kuna watu kazi yao ni hiyo. Ofisi yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, katika nyumba ambayo ngazi zake zinalia hata paka akipita, na tulikuwa tunatengeneza kamusi ambayo maneno yake yamepangwa kwa mada. Wenzangu walipewa samaki, mapishi, sehemu za nyumba. Mimi nikapewa mada ambayo hakuna aliyeitaka: yale mambo ambayo mtu huyajua bila ya kuyaona wala kuambiwa.

Nikakusanya. Nikapata machale, yanayomcheza mtu akaondoka mahali dakika tano kabla ya balaa. Nikapata jicho kucheza, kiganja kuwasha, mwili kusisimka, moyo kumtuma mtu. Nikapata njozi na ruya, ambazo mimi na mwenzangu Khamis tuligombana siku mbili kama ni kitu kimoja au viwili. Ya macho yalikuwa tele, ya masikio hayakukosa, ya ngozi ndiyo usiseme. Ya pua sikupata hata moja.

Khamis alikuwa anakaa meza ya pili yangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, asiyeweza kufanya kazi mpaka anywe vikombe vitatu vya kahawa. Nilipolalamika juu ya pua akaniambia, "Kamuulize Bi. Salma, Michenzani. Jengo letu lile nililokulia. Yule ananusa."

"Ananusa nini?"

"We nenda tu."

Nilipombana ndipo akanieleza. Alipokuwa kijana, baba yake alikutana na Bi. Salma kwenye ngazi, na Bi. Salma akajiziba pua kwa ncha ya kanga yake. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa wakamzika baba yake. Haikuwa mara moja wala mara mbili, akasema, na ndiyo maana wakaazi wa jengo lile wakikutana na Bi. Salma ngazini hawamtazami usoni, wanautazama mkono wake. Bibi wa watu akawa hathubutu kujigusa pua hata akiwa na mafua.

Mimi nikacheka sana, niamini. Kesho yake baada ya sala ya alasiri nikachukua daftari langu nikaenda.

Nilimkuta peke yake, na cherehani yake mbele ya dirisha, anashona sare za skuli. Mwanamke mwembamba, msafi, wa miaka sabini hivi. Nikamwamkia, akanipokea vizuri, akanitilia kahawa na kuniwekea kashata. Sikuona kitu cha kutisha katika nyumba ile. Nilichokiona ni kwamba hapakuwa na kiti cha pili. Ilibidi avute kigoda kutoka jikoni ili nikae.

"Khamis kakutuma?" akaniuliza.

"Hakunituma, Bi. Salma, kanielekeza tu. Mie nakusanya maneno. Nataka neno la mtu anayejua jambo kwa pua kabla halijafika."

Akakata uzi kwa meno. "Mie sijui jambo lolote, mwanangu. Nasikia harufu tu. Harufu ya karafuu maiti. Unaijua?"

Nani asiyeijua? Ukiwa umewahi kuingia nyumba ya msiba hapa Unguja, basi unaijua. Ni zile chenga nyeupe anazotiwa maiti akishaoshwa. Harufu yake inaingia puani kwa ukali halafu inaacha ubaridi, na nguo zako zikishaishika, hata ukizifua mara mbili bado imo.

"Nikiisikia kwa mtu aliye hai," akasema, "basi wiki haimalizi."

"Na unapomwambia?"

"Zamani n'kiwaambia." Akapitisha kitambaa chini ya sindano.

"Sasa hali hiyo inaitwaje, Bi. Salma?"

"Haina jina. Aliyenipa hakunambia jina, na mie sikumuuliza."

Mwenye akili angesimama kwenye lile neno "aliyenipa". Angeliweka chini, akaligeuza, akauliza alikupaje na kwa nini. Mimi nikasimama kwenye "haina jina". Mkusanya maneno ukimwambia kuna kitu hakina jina ni kama kuku umemwonyesha mtama. Nikaanza kumsaili. Inaanzia puani au kooni? Inakuja kidogokidogo au mara moja? Inauma? Akawa ananijibu kwa upole, lakini kila jibu lilikuwa fupi kuliko la mwanzo, mpaka akasema hayo hayaelezeki.

Halafu akaniuliza yeye. "Una watoto?"

"Mmoja tu, Nassor. Yuko Kendwa, mpishi wa hoteli. Huja kila Alhamisi."

"Mmoja tu," akasema. Akawa anatazama nje ya dirisha muda mrefu. Sasa najua alikuwa anafikiri nini. Wakati ule nikadhani amechoka, na kwa vile nilikuwa sijapata nilichokijia, nikasema maneno ambayo nayajutia kila ninapovuta pumzi. Nikasema, "Mie natamani niijue mwenyewe, Bi. Salma. Ningeiandika vizuri."

Akaweka mkasi chini. "Unasema kweli?"

"Kweli."

"Hebu sema tena."

Nikacheka. "Nataka kuijua."

"Umesema kwa kinywa chako. Hapana mtu aliyekulazimisha."

"Nani anilazimishe?"

Akainuka akaenda jikoni. Nilipoaga, akatoka na chetezo, makaa yameshawaka, na udi unafuka. Sasa hapa ndipo nataka unielewe, maana watu wengi niliowaeleza hunilaumu hapa. Kwetu mgeni anapoondoka hufukizwa, na mtu akikupa manukato huwezi kusema sitaki. Tumefunzwa hivyo tangu tukiwa watoto, kwamba manukato hayarudishwi. Ningesema nini? Nikasimama, nikalifunika buibui langu juu ya chetezo kama kawaida, moshi ukanipanda mwilini mpaka kichwani. Ulikuwa udi mzuri. Nilipoinua kichwa nikamwona Bi. Salma analia.

"Moshi umekuingia machoni?"

"Nisamehe, mwanangu. Nna binti yangu ana mimba ya miezi minane. Nataka nimpakate mjukuu."

Nikaona wazee maneno yao yanarukaruka. Nikamwambia inshaallah atampakata, nikateremka.

Ghorofa ya pili nilimkuta mwanamume anapandisha mtungi wa gesi, ameuweka chini apumzike. Tukasalimiana. Na hapo ndipo nilipoisikia, kali, baridi, kama nimefunuliwa sanda usoni. Nikatazama huku na huku kama kuna msiba katika jengo. Hapakuwa na kitu, watoto wanacheza, redio inaimba. Nikajiambia ni habari za bibi yule zimeniingia kichwani. Siku ya nne Khamis alikuja ofisini akaniambia jirani yao mmoja wa zamani amefariki ghafla, na kwamba wiki ile ile watu walimwona anajibebea mtungi wake wa gesi mwenyewe. Nikajitia kutafuta kalamu.

Alhamisi ile Nassor alikuja. Mwanangu alikuwa mrefu, mtaratibu, na kila akija alikuwa anainama kunibusu mkono, kisha ananikumbatia kwa nguvu mpaka nagombeza. Nikamnusa. Ananuka vitunguu, sabuni ya hotelini na jasho la gari, basi. Nikafurahi siku nzima, na wala sikujiuliza ninafurahi nini.

Baada ya mwezi hivi, asubuhi moja, Khamis aliinama juu ya meza yangu anionyeshe ukurasa. Harufu ikanijia.

Wewe ungefanyaje? Mtu umekaa naye ofisi moja miaka kumi na moja, mnagawana kashata, mnagombania maneno. Ungenyamaza? Mimi sikunyamaza. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba mtu akijua mapema ataweza kufanya kitu. Nikamvuta kando nikamwambia.

Alicheka. Halafu akautazama mkono wangu, ambao nilikuwa nimeuweka karibu na pua bila ya kujua, akaacha kucheka. Siku ile hakunywa kahawa. Alikwenda kupimwa damu, moyo, kila kinachopimika, na vyote vikawa vizima. Akarudi nyumbani akajifungia. Hakupanda ngazi, hakuvuka barabara, hakula ila alichokipika mkewe mbele ya macho yake. Alilala taa ikiwaka. Aligombana na mkewe na kuwalilia watoto wake mpaka wakamwogopa. Siku ya sita aliinuka kitini kufunga dirisha, akarudi kukaa, na akawa ameshaondoka.

Msibani mkewe alinishika mkono, mbele ya wanawake wote, akaniambia taratibu, "Siku zake sita za mwisho umezila wewe."

Alisema kweli. Bila ya mdomo wangu, Khamis angekufa siku ile ile, kiti kile kile, lakini angekuwa ameshakunywa kahawa yake na kumtania mtu.

Nikarudi Michenzani mbio. Sikuhitaji kupanda ghorofani. Bi. Salma alikuwa chini, amekaa barazani na wanawake wenzake, asmini kichwani, kitoto kichanga mapajani, anacheka. Amenenepa. Aliponiona, cheko likamkatika, na unajua aliangalia nini? Mkono wangu.

"Unasikia kitu kwa mtoto?" ndilo neno lake la kwanza, hata salamu hakunipa.

"Sisikii."

Akashusha pumzi, akampa mtoto mwanamke aliyekuwa pembeni yake, tukasogea upande wa ngazi. Nikamwomba aichukue harufu yake. Nililia mbele ya wapita njia, mimi ambaye siku ya kuachwa sikulia. Akanijibu kwamba hairudi nyuma. Yeye mwenyewe alishajaribu kumrudishia aliyempa, ikashindikana. Inakwenda kwa mtu mmoja tu, anayeiomba kwa kinywa chake, bila ya kushurutishwa, kisha akaupokea udi wako. "Miaka thelathini na kitu nimengoja mtu aniombe," akasema. "Nani mwenye akili zake ataomba kitu kile? Nshakata tamaa, ndo ukaja wewe na daftari."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungeiomba?"

Hasira zilinijaa mpaka nikashindwa kuona mbele. Nilitaka kumlaani. Lakini nilimwona anavyogeuka kila mara kumtazama yule mtoto, nikaondoka bila ya kumlaani.

Basi nikarudi kwangu Kiembe Samaki, na kuanzia siku ile nikabaki na hofu moja tu. Alhamisi Nassor anakuja.

Hebu fikiri. Kila wiki mwanao wa pekee anapiga hodi, nawe unaijongelea hukumu kwa miguu yako. Alhamisi ya kwanza nilimsimamisha mlangoni, nikawa nasubiri upepo unipitie. Vitunguu, sabuni, jasho. Nikamkumbatia mpaka akashangaa. Lakini furaha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa usiku, na Jumamosi nikaanza kuihofia Alhamisi nyingine. Nikawa silali. Nikawa nikilisikia gari linasimama barabarani nakwenda kuchungulia dirishani. Maana nilishajua kwamba siku nikiisikia kwake hakuna dawa, hakuna dua, hakuna hospitali. Na kumwambia siwezi, nilishayaona ya Khamis.

Nikapata akili ya kijinga. Nikajiambia, nisichokisikia hakipo. Nassor asije, basi.

Wiki ya kwanza nikamwambia nina mafua. Ya pili, nina wageni. Ya tatu, nakwenda Makunduchi kwa dada yangu. Yeye akawa anasema, "Haya Mama, wiki ijayo." Mwezi wa pili nikaishiwa na uongo, nikawa namwambia usije tu, bila ya sababu. Na kila nikikata simu nakaa kitandani nalia. Niamini, hakuna siku niliyompenda mtoto yule kama siku nilizomfukuza.

Siku moja akanipigia, sauti yake ndogo kama ya alipokuwa mtoto.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi nije."

"Usije, Nassor."

"Watu wananiuliza. Shangazi kanambia, ukiona mama hataki kukuona, tafuta ulipokosea. Nshatafuta, Mama, sipaoni. Nipe radhi zako tu."

"Radhi unazo, mwanangu. Za dunia na akhera."

Kisha akasema, "Radhi za kwenye simu?"

Unajua kwetu radhi ya mama ni nini. Mtoto anaweza kukosa kila kitu akaishi, lakini akiondoka duniani mama yake hana radhi naye, huko aendako nako kazi anayo. Ndilo lililokuwa likimtafuna, na mimi ndiye niliyempa meno.

Halafu ikaja Alhamisi ile, wakati wa alasiri. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaisikia hatua yake nje, nikaijua. Nikaruka. Nikajitia pamba puani, pande zote mbili, nikazisukuma ndani kabisa kwa kidole. Wanaofanyiwa hivyo ni maiti, na mimi nilijifanyia kwa mikono yangu mwenyewe. Juu yake nikajifunga kanga puani na mdomoni, nikakaa chini nyuma ya mlango, magoti kifuani.

"Hodi," akasema.

Sikuitika.

"Hodi, Mama."

Chini ya mlango nilikuwa naviona vidole vya miguu yake. Mkono ningeunyosha ningevigusa.

"Hodi."

Nilimfunza mwenyewe kwamba hodi ni tatu, zikipita hukujibiwa unaondoka, huo ndio uungwana. Alisimama kidogo. Akasema kupitia mlangoni, "Mama, najua umo. Ndara zako ziko nje." Akangoja. "Nimekuletea pweza. Namning'iniza hapa kwenye komeo, paka asije akamla. Mie nakwenda. Nisamehe."

Nikavitazama vile vidole vinageuka, vinaondoka. Nilijiuma mkono nisiite. Nilipotoka baadaye, nikafungua kanga, nikachopoa pamba, nikasimama pale alipokuwa amesimama, nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Upepo ulikuwa umeshapita barazani. Nilisikia pweza, na moshi wa jirani anayechoma muhogo. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Jumapili asubuhi simu ikalia kutoka Kendwa. Baada ya zamu ya usiku aliingia baharini kuoga na wenzake wawili. Wenzake walitoka.

Walimleta nyumbani adhuhuri. Wakamwosha chumba cha uani, na mimi nikakaa sebuleni katikati ya wanawake, kisomo kinaendelea, na harufu ikaanza kutoka chini ya pazia. Karafuu maiti. Tangu nilipotoka Michenzani nilikuwa naisikia kwa watu wanaotembea na kucheka. Siku ile niliisikia mahali pake, na kila mtu sebuleni pale aliisikia pia. Nikawa sina tofauti na mwanamke yeyote. Walinong'ona nyuma yangu, na wala hawakunong'ona kwa chini. Walisema mtoto alifika mlangoni akarudishwa, kwamba maskini kaondoka bila ya radhi za mama yake. Ningewaeleza nini? Kwamba nilijiziba pua?

Ngoja nikwambie kinachoniua. Sijui. Mpaka leo sijui kama Alhamisi ile alikuwa anayo ile harufu. Kama angekuwa nayo na mimi nimefungua mlango, nisingeweza kumwokoa, hilo nalijua. Lakini ningemzuia asirudi Kendwa kwa siku moja, mbili, kwa uongo wowote, nisimwambie neno. Ningempikia yule pweza. Ningemlaza kichwa mapajani kama alipokuwa mdogo nikamwambia radhi zangu usoni, si kwenye simu. Ile pua haifai kwa lolote ila kuagana, na mara moja tu katika maisha yangu nilipokuwa na mtu wa kuagana naye, niliiziba pamba.

Ofisini sikurudi. Walimleta msichana mwengine mahali pangu, na mwaka jana alinifuata nyumbani na daftari, eti ameiona karatasi yangu, neno la pua limeachwa wazi. Kabla hajaomba kitu nikamwambia atoke. Alidhani nimerukwa na akili. Usinisifu kwa hilo, sikufanya kwa wema. Bi. Salma alikuwa na mjukuu wa kumpakata. Mimi nikiitoa, nikampakate nani?

Kwa hiyo ninayo, na nimeacha kupambana nayo. Naenda Darajani kununua mboga, naisikia kwa muuza ndizi. Naisikia kwa mwanafunzi anayenipisha njia, kwa bibi harusi mmoja niliyepita karibu na gari lake. Siwaambii. Siwaombei hata dua ya kuokoka, maana nilishaomba nikachoka. Ninachofanya ni kuwasalimia tu. Nawashika mkono, nawauliza hali zao na za wazee wao, nawasikiliza mpaka wamalize, na wengi hudhani ninawafananisha na mtu.

Nawe unayenisikiliza, nina mawili ya kukuonya. La kwanza, usiombe kujua usichopewa, hata kwa mzaha, hata kwa ajili ya kazi, hasa katika nyumba ya mtu unayemwona ana kiti kimoja. La pili ni hili. Ukinikuta njiani nikakusalimia kwa bashasha, nikakushika mkono na kuchelewa kuuachia, usiniulize kitu. Nenda ukapige hodi kwa mama yako.